Kidawa binti Bakiri na Majibu ya Tarumbeta la Pili

Huyu ni Kidawa binti Bakiri bin Othmani, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, fundi wa ukoo wa mafundi. Babu yake Othmani alitarizi kanzu kwa mkono, na shingo ya kanzu moja ilimla mwezi mzima. Baba yake Bakiri alishona sare za watu wa reli, na miaka ile hakushuka mtu stesheni ya Tanga na kola iliyolala. Kidawa mwenyewe aliishia darasa la saba, si kwa ujinga, ila cherehani ilikuwa inamngoja. Aliwavika bi harusi wa Tanga kabla hajawa bi harusi yeye. Alipoingia Johannesburg mwaka 1998, kichwa cha cherehani kikiwa ndani ya furushi la mashuka, aliwashonea Wareno wa Rosettenville magauni ya komunyo ya mabinti zao, akawashonea Wakongo suti za kanisani, na Watanzania madera ya Idi. Na mwaka 2017 alishona magauni kumi na manane ya mchezo wa Brodwei, ambayo hakuwahi kuyaona jukwaani.

Mumewe alikuwa Burhani, na mtu hawezi kumweleza Kidawa bila kumweleza Burhani. Ujanani, kule Tanga, alipuliza tarumbeta katika bendi ya jazi. Watu wa Tanga wa miaka ile wanajua maana yake: magitaa matatu, matarumbeta mawili, na wimbo ukifika kwenye chemko haumalizwi na bendi, unamalizwa na wachezaji wakichoka. Bendi ikafa, magitaa yakauzwa, Burhani akafuata watu kusini. Johannesburg ikampa kofia na redio ya kiunoni, ikamsimamisha kwenye lango la magari la jumba moja la ofisi huko Sandton, akawa anainua chuma na kushusha chuma kwa miaka kumi na minane. Tarumbeta lilikaa nyumbani. Alilipuliza Jumapili, ameliziba mdomo kwa taulo kwa ajili ya majirani, na sauti ikatoka kama ya mtu anayeongea chini ya blanketi. Hawakujaliwa mtoto. Kidawa alikuwa akisema nyumba yao ina cherehani na tarumbeta, kelele zinatosha.

Mwisho wa mwaka 2016 jumba moja la maonyesho huko Newtown lilikuwa linatafuta fundi wa mkono. Falonne ndiye aliyemtaja Kidawa. Falonne alikuwa binti wa Kikongo, wa Lubumbashi, msusi wa Rosettenville, mwimbaji wa kwaya kanisani kwake, na jumba lile lilikuwa limemchukua kutengeneza nywele za bandia. Akamleta Lindelwa, mkuu wa mavazi, mama mnene wa Soweto asiyecheka ovyo, mpaka chumbani kwa Kidawa. Lindelwa akachukua gauni la komunyo lililokuwa mezani, akaligeuza nje ndani, akakagua mishono ya upande usioonekana.

"Eish," akasema. "Huyu."

Mchezo wenyewe ulikuwa wa zamani, wa nyimbo na vichekesho, uliochezwa kwanza mtaa wa Brodwei, New York, miaka ya ishirini ya karne iliyopita, wakati wanawake wa huko walipokata nywele wakapandisha magauni mpaka magotini na jazi ikaingia kila nyumba. Kisa chake ni cha kitoto. Kijana tajiri anajifanya mpishi wa treni ili apendwe na binti muuza kofia asiyetaka matajiri. Binti anagundua, wanagombana, kila mtu anapanda treni isiyo yake, na mwisho wanaoana wote, hata wasiotaka. Katikati yake wanacheza wasichana kumi na wanane waliovaa magauni ya shanga na matamvua. Mguu ukiruka, tamvua nalo liruke. Lisiporuka, gauni limekufa.

Gauni la kwanza lilikufa. Kidawa alilishona kama alivyofundishwa kushona, kwa bitana nzito, na vidole vinne vya kitambaa vimekunjwa ndani ya kila mshono.

"Mama, huku ndani umeweka nini?" akauliza Lindelwa. "Zito kama godoro."

"Akiba," akajibu Kidawa kwa Kiingereza chake cha dukani. "Mtu akinenepa, anafumua."

"Hawa hawatanenepa. Mchezo ni wiki sita tu."

"Wiki sita zinatosha sana, kama wanapikiwa vizuri."

Hapo Lindelwa akacheka, na tangu siku hiyo akawa akija Rosettenville mwenyewe badala ya kutuma mtu. Akiba ikakatwa, bitana ikatolewa. Lakini shanga Kidawa alikataa kuzishona kwa uzi mmoja mrefu kama wanavyofanya mafundi wa haraka, maana uzi mrefu ukikatika mahali pamoja, shanga zote humwagika. Kila shanga aliifungia fundo lake kwa nyuma. Lindelwa alisema watachelewa. Kidawa akasema wachelewe wamevaa.

Siku aliyopeleka magauni sita ya kwanza Newtown, alikuwa amepiga magoti akimbana mcheza dansi kiunoni, pini zimejaa mdomoni, akamsikia mkuu wa bendi akilia mlangoni kwa Lindelwa. Mpiga tarumbeta wake wa pili alikuwa amepata kazi melini. Kapanda meli, kaenda zake, na hajaaga. Kidawa akatoa pini moja moja mdomoni.

"Mimi nina mtu," akasema.

Mkuu wa bendi akamtazama huyu mama wa mtandio. "Anapiga jazi?"

"Jazi ndiyo kazi yake. Hiyo nyingine anafanya ili tule."

Burhani akaomba ruhusa kazini, akaenda Newtown amevaa koti alilokatiwa na mkewe. Noti hakuzijua. Mkuu wa bendi akampigia wimbo mara moja kwenye kinanda, Burhani akaurudisha kwa tarumbeta kama vile ni wa kwao. Mzee akakubalika, bendi nzima ikaingia, wimbo ukaenda vizuri mpaka mwisho, na wote wakanyamaza isipokuwa yeye. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaingia kwenye chemko. Akafumba macho, akapinda mgongo, akawaita wachezaji waliokuwa Tanga miaka arobaini iliyopita. Mkuu wa bendi akapunga mkono mmoja, akapunga miwili, mwisho akapiga kelele.

"Bwana! Bwana! Wimbo umekwisha!"

Burhani akafumbua macho. "Umekwisha wapi? Watu hata jasho hawajatoa."

Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe nyumbani, akijicheka, na Kidawa alicheka mpaka akashika ubavu. Lakini yule mkuu wa bendi hakuichukulia kama mzaha. Katika mchezo ule mna wimbo mmoja, binti muuza kofia amekaa juu ya sanduku lake stesheni, treni imeondoka, na anamuuliza maswali manne mtu asiyekuwepo. Kwenye makaratasi ya zamani, kila swali lilipokwisha bendi nzima ililia pamoja. Mkuu wa bendi alipafuta hapo. Akamwambia Burhani, "Mjibu wewe peke yako. Kama mnavyojibu kwenu." Na majibu hayo hakuyaandika popote. Asiyejua noti aandikiwe nini?

Basi miezi ile miwili nyumba ilibadilika. Burhani alimwomba mama mwenye nyumba ruhusa, Mreno yule akasema apulize tu, hata yeye marehemu mumewe alikuwa na kinanda cha mkono. Taulo likaondoka. Jioni akitoka kazini, kabla ya kula, Burhani alisimama kando ya kabati akafanya mazoezi ya ule wimbo wa stesheni. Na kwa kuwa ya kwake yalikuwa majibu peke yake, maswali aliyahesabu kwa mguu, kimya, halafu akapuliza, halafu tena kimya.

"Bwana wee," akamwambia Kidawa siku moja, mguu wake ukiwa kwenye cherehani, "wimbo gani huu wenye mapengo?"

"Mapengo ni ya mwanamke. Anauliza."

"Anauliza nini?"

"Kiingereza cha kizamani. Nikikueleza kinaharibika."

"Na wewe unamjibu nini?"

"Mimi namjibu. Wewe shona."

"Nijue swali basi, Burhani! Nakaa humu nasikia majibu tu, kama mtu aliye kando ya mwenye simu."

Burhani akapangusa mdomo wa tarumbeta kwa kanga ya mkewe, jambo ambalo siku zote lilimletea maneno, na siku hiyo hakuambiwa kitu. "Siku ya kwanza utakaa mbele, Binti Bakiri. Kiti chako nimekisema. Utausikia wote, swali na jibu."

Kidawa akaridhika kungoja. Ila majibu yale manne yalimwingia kama mishono inavyoingia mkononi. La kwanza lilikuwa fupi na la haraka, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe. La pili lilianza kama la kwanza, likajuta. La tatu lilikuwa sauti moja tu, ya chini, iliyotetemeka mwishoni. La nne lilipanda polepole mpaka ukadhani litakatika, kisha likashuka kituo kwa kituo, kama mtu aliyefika akawa anavua viatu. Kidawa aliyajua hivyo, na maswali yake hakuyajua hata moja.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa tatu, zikiwa zimebaki wiki mbili onyesho lianze, Burhani alirudi kutoka mazoezini saa kumi jioni akasema kichwa kinamgonga. Akakaa kitandani. Akaomba maji, Kidawa akaenda kuyaleta, na aliporudi nayo alimkuta ameinama upande, mkono mmoja bado uko kwenye kamba ya kiatu. Ilikuwa presha. Gari la wagonjwa lilipofika halikuwa na kazi tena.

Alizikwa kesho yake baada ya adhuhuri. Walinzi wenzake wa Sandton walikuja na sare zao. Wapiga muziki wa Newtown nao walikuja, wakasimama nje ya uzio wa makaburi wakiwa wameshika kofia, hawajui waingie au wasiingie, mpaka imamu akaenda kuwashika mkono. Hayo Kidawa aliyasikia tu. Yeye alikuwa ndani, katikati ya wanawake, anaanza eda.

Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa nyumbani kwake miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato wala wanja, hatoki ila kwa jambo la lazima, tena mchana, na magharibi imkute kwake. Kidawa hakuwa mtu wa kubishana na hilo. Mama yake alikaa eda, na bibi yake, na yeye angekaa vizuri kuliko wote. Lakini siku ya tatu ya msiba, mikono ya watu ikiwa mabegani mwake, alijikuta anahesabu. Eda itakwisha mwezi wa saba. Mchezo utakwisha siku ya mwisho ya mwezi wa nne. Ule wimbo hatausikia. Aliona aibu kwamba hesabu hiyo imemjia, akalia kwa kilio kipya, na wanawake wakadhani amemkumbuka marehemu. Walikuwa hawajakosea.

Magauni saba yalikuwa hayajamalizika. Aliyemsimamia eda ni Bi Duni, bibi wa Kizanzibari mwenye miaka themanini na kitu, mwosha maiti wa wanawake wa Rosettenville nzima, na mtu ambaye hata maimamu humsalimia wakiwa wameinama. Kidawa akamuuliza kwa woga.

"Bi Duni, yale magauni ya watu. Yanametameta. Nitakuwa na kosa?"

"Utayavaa weye?"

"Astaghfirullahi!"

"Basi shona. Mwenye eda ni weye, shanga hazikufiwa." Akanywa chai yake, akaongeza, "Ila mwanamume asinikanyagie hapa. Hata awe anakuja kupimwa sidiria."

Ndivyo wasichana wa dansi walivyoanza kuja Rosettenville. Waliingia mmoja mmoja, viatu mkononi, wananong'ona kama walio hospitali, wakavaa yale magauni mbele ya mwanamke aliyejifunga nguo nyeupe zisizo na ua wala uzi wa rangi. Mmoja wao, mrefu, mtoto wa Alexandra, alijisahau akapiga hatua mbili za dansi, na matamvua yote yakaruka. Akashika mdomo, akasema samahani mara nne.

"Ruka," akamwambia Kidawa. "Ruka nione linavyokwenda."

Msichana akaruka, machozi yakimtoka yeye, Kidawa akiwa anatazama pindo.

Onyesho likaanza. Kiti cha mbele alikikalia mtu mwingine. Kesho yake Falonne akaja na ndizi na mkate, akasimulia: watu wamejaa, watu wamesimama kupiga makofi, mzungu mmoja amelia kwa kucheka mpaka miwani imeanguka.

"Na wimbo wa stesheni?" akauliza Kidawa.

"Bantu banaupenda sana, Mama," akajibu kwa Kiswahili cha kwao Lubumbashi, ambako watu ni bantu na ndiyo ni njo.

"Nani anajibu?"

Falonne akainuka haraka. "Mama, ile maji ya chai njo inachemka, si inachemka?"

Maji hayakuwa hata yamewekwa jikoni. Kidawa hakumfuatilia. Alidhani binti anamwonea huruma, hataki kumtaja mtu aliyekalia kiti cha Burhani. Nafsini mwake alikuwa amekwisha kumsamehe mtu huyo. Apulize tu. Mradi majibu yanasikika na watu wamelipa kuja kuyasikia, basi kitu fulani cha Burhani kinatembea mjini, na yeye akitoka eda atamtafuta mtu huyo ampe mkono. Kitu kimoja kilimkaa kooni: kwamba Newtown ni dakika ishirini tu kwa gari, wimbo unaimbwa karibu kila siku, naye hatausikia mpaka uzimike.

Katikati ya mwezi wa nne, Jumamosi asubuhi, Lindelwa akapiga simu. Magauni mawili yamechanika kwapani na moja limefumuka tumboni, siku hiyo kuna maonyesho mawili, la mchana na la jioni. La mchana wasichana hao watatu watacheza na nguo za mazoezi, la jioni haiwezekani. Fundi wake amejaribu kuyatengeneza, lakini yale mafundo ya Kidawa, kila shanga na lake, yamemshinda. Akigusa moja anaharibu kumi. Gari litakuja kumchukua, na litamrudisha.

Kidawa akamtuma jirani amwite Bi Duni. Bi Duni akaja na mkongojo wake, akasikiliza, akakaa.

"Kazi ni lazima," akasema. "Riziki yako sasa iko mikononi mwako mwenyewe. Mchana nenda, kabla ya magharibi uwe hapa." Akamtazama. "Lakini Kidawa. Unakwenda kushona au unakwenda kusikiliza?"

Kidawa akaanza kukusanya sindano na nyuzi zake.

"Sijakuuliza ili unijibu," akasema Bi Duni. "Chukua mtandio mzito, kuna baridi."

Chumba cha kushonea kilikuwa chini kabisa, chini ya jukwaa lenyewe, na dari yake ndiyo sakafu ya wachezaji. Falonne alitaka kumpandisha ngazi akae nyuma ya pazia aone. Kidawa akakataa. Kufika pale ni kazi, kupanda ni starehe, na tofauti yake ilikuwa ngazi kumi na mbili. Akakaa kwenye kiti cha chini, akatandika gauni magotini, akatia uzi. Masikio yalikuwa mambo mengine. Hakwenda kuyaziba.

Saa nane na nusu bendi ikaingia. Vumbi likadondoka darini. Miguu ya wasichana wake ikapita juu ya kichwa chake, kumi na minane ikawa thelathini na sita, na Kidawa akatambua kwa kishindo ni nani amechelewa nusu hatua. Watu wakacheka, wakanyamaza, wakacheka tena. Akashona kwapa moja, akashona la pili. Kisha miguu yote ikaondoka, kukawa kimya, na sauti ya sanduku likiwekwa chini ikasikika.

Mwanamke akaanza kuimba. Kiingereza hakikuwa cha kizamani hata kidogo. Kilikuwa chepesi, cha dukani, Kidawa alikielewa neno kwa neno, na hapo akajua kwamba Burhani alimdanganya ili tu aje.

"Ulipanda treni ipi?" mwanamke akauliza.

Kidawa akasimamisha sindano. Hodi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe: aliisikia kichwani ikija, akaingoja ije na masikioni.

Haikuja. Bendi ilikuwa imenyamaza. Ukawa kimya mrefu, halafu ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Uliniona nikikupungia?"

Kimya. Kicheko.

"Koti lako nilikunje, au nilivae?"

Kimya, kirefu zaidi. Mtu mmoja huko juu akapiga mluzi, watu wakacheka kwa sababu ya mluzi.

"Basi nikungoje?"

Hapo ndipo palipokuwa pa lile jibu la nne. Kidawa alilipandisha peke yake ndani ya kifua, akalishusha kituo kwa kituo, na muda wote huo watu juu ya kichwa chake walikuwa wanacheka na kupiga makofi na kugonga miguu, kicheko kikubwa kuliko vyote vya mchana ule. Mkono wake uliendelea kushona. Wimbo ulipokwisha akatazama chini, akaona ameshona mbele na nyuma pamoja. Gauni alikuwa amelifunga tumboni, halivaliki.

Alikuwa anafumua, Falonne aliposhuka ngazi. Binti akaona uso wake, akakaa sakafuni.

"Mama, umesikia."

"Wanacheka nini?"

"Mama—"

"Nimekuuliza, Falonne. Pale palipokuwa pa mume wangu ndipo wanapochekea. Wanacheka nini?"

Falonne akaeleza, na haikuwa hadithi ya ubaya wa mtu. Burhani alipokufa, mkuu wa bendi alitafuta. Mpiga tarumbeta wa kwanza akajaribu kuyakumbuka yale majibu, akasema aliyopata si yenyewe, akaweka chombo chini. Hayakuandikwa. Wakakubaliana pakae kimya, kwa heshima ya mzee. Siku ya kwanza kimya kilipofika, mwigizaji hakujua ajifanyie nini na mikono yake, akainua mabega, akatazama kule treni ilikokwenda, akainua mabega tena. Watu wakacheka. Kesho yake akafanya tena.

"Sasa njo pahali banacheka kupita pote," akasema Falonne. "Magazeti yameandika. Nilishindwa kukuambia, Mama. Miye nilisema labda hautajua."

Kidawa akavuta uzi wa mwisho, tumbo la gauni likafunguka. "Kwa hiyo anauliza, na Burhani hana la kusema."

"Hakuna mtu anayejua, Mama. Mzee alikwenda nayo."

"Mimi ninayajua."

Falonne akamtazama.

"Yote manne. Miezi miwili ndani ya chumba kimoja, nisiyajue?"

"Basi panda sasa! Shefu wa bendi iko pale juu, anakunywa chai. Umwimbie."

"Mimi? Mwenye eda, nisimame niwaimbie wanaume?" Hakusema kwa hasira. "Na eda ikiisha, nyinyi mtakuwa mmekwisha kufungasha. Sogea hapa. Wewe unaimba kanisani."

"Naimba sauti ya pili, Mama."

"Ndiyo yenyewe. Funga mlango."

Kidawa akavaa subana, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano. Kwa subana akagonga mbao ya meza, akahesabu swali la kwanza kama Burhani alivyolihesabu kwa mguu, kisha, kwa sauti ndogo ya mtu asiyewahi kuimba mbele ya watu, akalitoa jibu. Falonne akalirudisha. Alilipamba mwishoni, kikanisa.

"Usiongeze. Anabisha hodi tu, hajaingia."

Akalirudisha tena. Likawa. La pili lilimchukua muda, kwa sababu lile linalojuta haliimbiki ukiwa na haraka. La tatu alilipata mara moja. Nje dereva alipiga honi. Dirisha dogo la juu lilikuwa limeanza kuwa la manjano. Jua la mwezi wa nne huko Johannesburg halikawii, na magharibi ilitakiwa imkute Rosettenville.

"Mama, na wakikataa?" Falonne akauliza. "Ile kicheko banaipenda. Yule mwigizaji anaipenda sana."

Kidawa akalikunja gauni lililopona, akaliweka juu ya mengine, akajifunga mtandio. Honi ikapigwa mara ya pili.

"Kukataa wanaweza," akasema. "Mchezo ni wao. Leo na kesho waache, wana haraka ya maonyesho. Wewe Jumanne wakija kazini usianze na mkuu wa bendi, atakwambia mambo ya tikiti. Mwendee yule wa tarumbeta la kwanza, aliyejaribu akasema siyo. Huyo anajua kitu kimepotea. Mketishe mahali pasipo na watu. Umwimbie yote manne, umwachie nafasi za maswali, usiziruke, uzigonge hivi. Akikosea umrudishe mwanzo, hata kama ni mkubwa kwako. Akishayajua yeye, bendi nzima itayajua, na akienda bendi nyingine ataondoka nayo. Lakini la nne bado hujalipata. Unalikimbiza. Dereva atangoja. Anza tena."